Mto Juu ya Kompyuta

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi aliuinua mto uliokuwa juu ya kompyuta ya sebuleni, akasikia mlio: ti, ti, ti.

"Imeanza kulia lini?"

"Ina miezi saba," alijibu baba mwenye nyumba. "Kelele tupu. Ndiyo maana nikaiwekea mto."

"Mzee, mashine ikilia huitiwa fundi. Mto ni wa kulalia."

Baba alicheka. Binti yake hakucheka. Kompyuta ile ilikuwa na diski nne zilizobebana: moja ikifa, tatu zilizobaki huubeba mzigo wake. Diski ya pili ilikufa miezi saba iliyopita, mashine ikaanza kulia. Juzi diski ya nne nayo ikaanguka, na kila kilichohifadhiwa kikapotea, pamoja na sauti ya mama, aliyefariki mwezi uliopita.

Mama alikuwa akijirekodi kila Jumapili, kwa kuwa watu wote wa nyumba hiyo walikuwa na shughuli zao. Binti hakuwahi kufungua hata rekodi moja.

"Moja tu, fundi," alisema. "Nisikie alikuwa anasema nini."

Fundi alizichomoa diski, akaziandika namba kwa kalamu ya wino mzito ili asije akazirudisha shaghalabaghala. Ya nne ilikuwa bado inapumua kwa mbali. Akaanza kuinakili kwenye diski mpya, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Ilipofika asilimia ishirini, kandambili za mama zilisikika koridoni. Asilimia sitini, gauni lake la nyumbani likapita mlangoni. Asilimia tisini na tisa, mama mwenyewe aliketi kwenye kochi, akauvuta ule mto, akauegemea. Kwenye kiwiko cha kushoto alikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo kitambaa cha kochi kilionekana.

"Hapo diski haikusomeka," fundi alieleza. "Samahani."

"Si neno," alisema baba.

"Shikamoo, mama," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Kifua kinanibana."

"Mama watoto, subiri kwanza fundi amalize," alisema baba.

Binti alisogeza kiti hadi magoti yao yakagusana. "Niambie mimi, mama. Nakusikiliza."

"Maumivu yanaanzia hapa," mama alisema, akigusa chini ya bega, "halafu yanashuka." Kidole chake kilishuka mkononi, kikaliruka lile tundu, kikaendelea. "Nilimwambia baba yako. Nawe nilikuambia, siku ile ulipokuwa unapiga pasi..."

Simu ya binti iliita. Akaitazama.

"Dakika moja tu, mama. Ni wa kazini."

Alitoka uani, akakaa huko robo saa. Mama aliendelea kueleza, akikitazama kiti kitupu.

Fundi alifunga mkoba wake. "Mzee, ile ya pili imekufa kabisa. Bila kuweka nyingine, hii italia tena."

"Tutaangalia mwisho wa mwezi."

"Haya. Shemeji, nawaaga."

"Nenda salama, fundi," alisema mama, kisha akarudi kwenye habari ya kifua, kwa sauti ileile ya chini.

Fundi hakuwa amefika getini mashine ilipoanza: ti, ti, ti. Baba alikunja uso, akanyoosha mkono kwenye kochi. Mama alijiinua kidogo, akamwachia mto.