Kamba Chini ya Gauni la Ubatizo

Mtoto anayebatizwa hushikwa kiunoni, asiteleze. Hapo ndipo vidole vyangu vilipokutana na kamba.

Nilikuwa nimempakata Keren mbele ya padiri, katika kanisa letu la Ruashi, mimi Edith, shangazi yake na mama yake wa ubatizo. Nilipapasa tena juu ya gauni jeupe. Mafundo yale yale.

Mafundo hayo nayajua. Gradi, kaka yake Keren, alivaa ya namna hiyo. Bibi yao aliileta kamba kutoka Mitwaba, kwa mganga anayekinga watoto na degedege, na mganga alitoa mwiko mmoja: mwenye kamba hachomwi sindano, akichomwa atakufa. Gradi alipopata malaria akaanza kukakamaa, mama yake, Dorcelle, alimfikisha kituo cha afya vizuri tu. Muuguzi akashika sindano. Dorcelle akambeba mtoto, akarudi naye nyumbani, akampaka majani ya kupondwa na kusubiri. Mimi ndiye niliyemwosha Gradi kabla ya kumzika. Kamba ilikuwa nzima, haikulegea hata fundo moja.

Na Dorcelle si mpagani. Anaimba kwaya, sala za novena hakosi. Lakini imani yake ni kama simu ya laini mbili: huku mtandao ukikatika, anapiga na kule. Wako wengi hapa kwetu. Ukiwauliza, wanakujibu kuwa ni desturi tu, haina ubaya, hata Mungu anaelewa. Mungu gani huyo anayegawana mtoto na mganga? Baada ya msiba Dorcelle aliniapia kuwa kamba haitaingia tena nyumbani mwake, na kwa kiapo hicho nilikubali kumsimamia Keren.

Padiri alituuliza kama tunamkataa Shetani. Dorcelle alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba anamkataa. Alipoulizwa juu ya kazi zote za Shetani, akajibu tena, macho makavu.

Mimi sikujibu. Nilimwomba padiri angoje kidogo, nikaketi na mtoto kwenye benchi, nikapandisha gauni. Watu wakainua shingo. Dorcelle akaniinamia sikioni, akiniita yaya, dada mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, wacha. Ile njo inamuchunga. Ukiikata, akikufa, kifo yake itakuwa kwako."

"Gradi ilimuchunga?" nilimuuliza.

Niliikata kwa meno; ilikuwa na chumvi ya jasho la mtoto. Kisha nikasimama, nikamjibu padiri, Keren akabatizwa. Kaka yangu Anaclet, baba yake, alitazama sakafu tu. Tangu siku hiyo Dorcelle hakunisalimu, na kila Keren alipokohoa, mtaa mzima uliambiwa kuwa mimi ndiye niliyemwacha wazi.

Mvua zilipoanza, Keren akashikwa na homa. Anaclet alikuwa Mokambo, mpakani, amefuata unga. Asubuhi Dorcelle aliingia kwangu bila hodi, akamlaza mtoto juu ya meza yangu ya chakula. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka, mkono mmoja unatetemeka.

"Weye njo ulikata," alisema. "Mupeleke weye."

Nilimfunga mgongoni, nikatoka mbio kwenye matope. Sitaki kudanganya, niliogopa. Nilimwamini Mungu na niliogopa, vyote pamoja, na njia nzima sikuomba kwa maneno mazuri ya kanisani. Nilimwambia tu asinichukulie na huyu. Dorcelle alitufuata kwa mbali, polepole, akiwa tayari amejifunga kitenge cha msiba.

Kituo kilikuwa kile kile na muuguzi yule yule. Alimtambua Dorcelle, wala hakumlaumu. Kutetemeka kulikuwa kumekoma, lakini Keren alikuwa amelegea mikononi mwangu, moto mwili mzima. Muuguzi aliposhika sindano, Dorcelle akatoka nje.

Sindano iliingia. Keren alinyamaza. Halafu akalia, kwa hasira, kwa sauti yake yote. Nilimwita Dorcelle aje asikie.

Hakuja. Nilichungulia mlangoni. Alikuwa ameketi chini kwenye matope, ameziba masikio kwa mikono miwili, na alikuwa ameshaanza kumlilia mtoto kilio cha maiti.