Mchuzi Kiganjani

Sahani ilirudi jikoni ikiwa imeliwa tonge moja tu. Mercyline aliitua mezani kwa kishindo, akajifuta jasho kwa ukingo wa aproni.

"Mteja anauliza kama huku nyuma tunakausha samaki wa ng'onda," alisema. "Eti chumvi ya huyu kuku ingetosha papa mzima."

Jumwa alichota mchuzi kwa mwiko, akaudondoshea katikati ya kiganja cha kushoto, akaulamba. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kuonja huko Ganze, na ndivyo alivyoonja kwa miaka kumi na minne katika baa hii ya Mtongwe. Akatulia kidogo, kama mtu anayepima.

"Labda imezidi," alisema.

Hakujua kama imezidi. Mchuzi ulikuwa moto kiganjani na maji mdomoni, basi. Tangu yale mafua ya masika, yaliyomlaza siku tisa, pua yake ilikuwa imekufa, na ulimi ukaifuata. Alingoja virudi. Kipupwe kikaja, kikaondoka. Akawa anapika kwa mazoea ya mkono, na mkono peke yake ulikuwa ukisahau: siku moja ulitia chumvi mara mbili, siku nyingine haukutia kabisa.

Hakumwambia mtu. Marehemu mama yake Felix, aliyekuwa mwenye baa, ndiye aliyemwandika kazi, siku ile ile alipouonja mchicha wake wa nazi. Hakumuuliza barua wala cheti. Aliandikwa kwa sababu ya ulimi wake. Angeanzia wapi kusema kwamba hanao tena?

Sasa baa ilikuwa ya Felix, yule yule mtoto aliyekuwa akitoka shule na kupitia mlango wa nyuma, akikinga kiganja apewe mchuzi kabla hata hajatoa shikamoo. Felix hakuwa mtu wa kumgombeza mama mtu mzima, na hilo ndilo lililomtisha Jumwa zaidi. Alhamisi alasiri alikuja akakaa juu ya kreti la soda, akaeleza kwamba Jumamosi mchana wangekuja watu kumi na wanane wa bandarini kumuaga mwenzao Bramwel, aliyekuwa anastaafu. Walitaka wali, kuku wa nazi na mchicha.

"Mama, sahani zikirudi tena, itabidi nitafute mpishi mwingine," alisema, macho yake yakiwa kwenye viatu.

Kisha akamgeukia Mercyline, na kwake hakuwa na upole. Wateja wamechoka, alimwambia. Wanaagiza chakula wanasahauliwa, kikiwafikia kimepoa, na yeye huyo huyo huwajibu kama wamekuja kuomba. Mercyline aliyasikiliza yote bila kujitetea. Jumwa alimwonea huruma, ila si nyingi. Aliamini msichana yule hampendi. Mtu anayekupenda hakuwekei sahani namna ile.

Jumamosi Jumwa alifika mapema. Tui alikuwa amelikamua jana yake ili lisimcheleweshe, akaliacha kwenye friji. Asubuhi friji ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Alikaanga vitunguu, akageuza kuku, akainua jagi.

Mercyline alikuwa anaingia na trei ya bilauri. Alisimama mlangoni.

"Mama Jumwa, hilo tui."

"Lina nini?"

"Hebu onja."

Jumwa alidondosha kidogo kiganjani, akalamba. Mercyline hakuutazama mkono. Alimtazama usoni.

"Liko sawa," Jumwa alisema.

Mercyline aliweka trei chini taratibu. Kwa mara ya kwanza hakuna bilauri iliyogongana na nyingine. Alikuja akalichukua lile jagi kutoka mikononi mwa Jumwa, kama mtu anavyompokea mwenzake mtoto aliyelala.

"Limechacha," alisema kwa sauti ya chini. "Stima ilipotea usiku kucha. Mimi nimesikia harufu yake kutoka pale mlangoni." Akangoja. "Tangu lini, mama?"

Jumwa alifuta kiganja kwenye leso, akakifuta tena kilipokuwa kimekauka.

"Tangu masika."

Msichana alimwaga tui, akatoka, akarudi na mfuko wa nazi. Kwao Vihiga hawakui na mbuzi ya kukunia nazi, na aliikalia upande kama mwanamke aliyepakiwa bodaboda, akajikwangua vifundo vya vidole. Jumwa alimgeuza mabega, akamwonyesha jinsi ya kukizungusha kifuu. Mmoja akikuna, mwingine akikamua, tui jepesi huku, zito kule. Lakini saa haikuwangoja.

Wageni walifika saa sita. Ilipotimia saa saba na nusu, meza zilikuwa zinapigwa, na sauti moja nene ikasema Bramwel atastaafu mara ya pili kabla hajaona wali. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Felix akaja. Mercyline alimuwahi mlangoni, akauziba kama pazia.

"Ni mimi," Jumwa alimsikia akisema. "Nilichelewa kuja, jiko likawashwa saa tano."

"Kila siku ni wewe. Chakula kimepoa, wewe. Oda imechanganyika, wewe. Hata ile chumvi ya juzi ulisema wewe ndiye uliyeimwaga."

"Ni mimi."

"Basi Jumatatu usije."

Jumwa alibaki na mwiko mkononi. Kumbe zile sahani zilizorudi jikoni kwa kishindo zilikuwa chache tu. Nyingine ziliishia huko nje, shingoni mwa msichana huyu. Akakumbuka wiki ya kwanza ya Mercyline, alipofika na begi moja na macho ya mtu aliyelala na njaa. Jumwa alikuwa akipakua wali, akaufunika kwa sahani nyingine na kuuacha kando ya sinki bila kusema ni wa nani. Hakuwa amelifikiria jambo hilo tena mpaka leo.

"Felix, mwanangu, ingia," aliita.

Felix akaingia, Mercyline nyuma yake akimtikisia Jumwa kichwa kwamba asiseme.

"Kosa si lake. Mimi sisikii ladha tangu masika, wala harufu. Huyu amekuwa akinibebea lawama."

Felix aliitazama sufuria, akamtazama yeye.

"Lakini kila siku unaonja."

"Nalamba tu, mwanangu. Mkono umezoea."

Huko nje meza ilipigwa tena. Jumwa alipunguza moto, akatia tui zito, akakoroga kwa upande mmoja hadi mchuzi ukaanza kutokota polepole. Akachota. Mwiko ukaelekea kwenye kiganja chake, ukasita hewani.

Mercyline alikuwa ameshakinga chake, vifundo vikiwa bado vyekundu. Tone likaanguka. Akalamba, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo.

"Chumvi bado," alisema. "Kidogo tu."

Jumwa akatia kidogo, akakoroga.

Felix alikuwa bado amesimama pale pale. Alifungua kifungo cha mkono wa shati lake, akaukunja mara moja, mara mbili, akasogea karibu na sufuria, akakinga kiganja.