Haragwe Lenye Mdomo

Kwa miaka thelathini na mitatu Mzee Simiyu alitengeneza mashine za kiwanda cha mablanketi, mashine zenye meno, mikanda na hasira, wala hakuna hata moja iliyomshinda. Kilichokuja kumshinda ni haragwe moja, likizo ya mwezi wa nane, mbele ya mjukuu wake.

Mjukuu mwenyewe ni Nabalayo, msichana wa miaka sita, aliyeletwa kutoka Kitale na mama yake, Nakhumicha, ili akae wiki tatu kwa babu yake, mtaani Buruburu, Nairobi. Mzee alikuwa amemwomba mtoto huyo tangu Krismasi. Mkewe alikuwa na miaka miwili kaburini, na nyumba ilikuwa imenyamaza mno, redio nayo ikawa kama inaongea na mtu mwingine. Lakini mtoto alipofika aliketi ukingoni mwa kochi na mkoba mgongoni siku nzima, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Jioni mama yake alipopiga simu, alilia.

"Baba, tumpe hadi Jumapili ya pili," Nakhumicha alisema. "Asipozoea, nakuja kumchukua. Na sitamlazimisha tena."

Mzee alijibu "sawa tu" kwa sauti ya mtu asiyejali. Usiku huo alihesabu siku kwenye kalenda mara tatu.

Aliyewaokoa ni jirani wa mlango wa pili, Fowsiya, muuza vitambaa Eastleigh. Alikuwa amechoka kumwona mwanawe Kadar na wenzake wakimaliza likizo wakiwa wamekodolea simu macho. Basi asubuhi, kabla ya kwenda dukani, alitandika mkeka uani, penye kuegeshwa magari, akawafundisha watoto sayansi ya vitu vya nyumbani: yai linaloelea kwenye maji ya chumvi, gari la vizibo, ua la karatasi linalofunguka lenyewe likiwekwa majini. Sheria ilikuwa moja tu: mzazi asiguse.

Kila mtu pale uani alijua sheria hiyo ilitoka wapi. Siku hizi shule ikimwagiza mtoto atengeneze kitu, mtoto hulala na baba hukesha na gundi. Muhula uliopita Mativo wa nyumba namba tisa alimjengea mwanawe wa darasa la pili daraja lenye taa. Mwalimu alipouliza taa zinawakaje, mtoto akamwambia ampigie baba simu.

Jumatatu ya kwanza kila mtoto aliambiwa aje na gilasi, pamba na haragwe moja. Wangepanda, wangeangalia, na Jumamosi ya wiki ya pili wangewaonyesha wazazi. Mzee alifungua friji. Tangu mkewe aondoke hakuwa amechemsha haragwe hata siku moja. Alinunua kwa kikombe kwa Waringa, mama anayechemsha githeri, maharagwe na mahindi pamoja, kwenye sufuria kubwa hapo langoni, kama wanavyofanya nusu ya watu wa mtaa. Kwake yeye, haragwe ni kitu kinachotoka kwa Waringa kikiwa laini. Alichagua moja nono, akalifuta kwa kitambaa safi na kumkabidhi mjukuu wake kwa heshima zote.

Fowsiya aliwapa watoto kioo cha kukuzia wachore walichokiona.

"Langu lina mdomo," Nabalayo alisema. Ni kweli, ganda lilikuwa limepasuka upande mmoja. Fowsiya, mwenye haraka ya duka, alidhani limelowekwa tu, akamsifu kwa macho makali. Haragwe likapewa jina hapohapo: Mdomo. Siku hiyo Nabalayo alivua mkoba. Kesho yake aliamka mapema kumsalimia Mdomo, na kesho kutwa alimwita Mzee naye aje amsalimie. Mzee alisalimu. Alifurahi kupita kiasi, na kama mtu angemwona akiamkuana na haragwe, shauri yake.

Ijumaa maharagwe ya watoto wengine yalitoa mizizi. Mdomo alitoa harufu.

"Niaje, yako imekufa?" Kadar alimwuliza, pua ameishika. "Inanuka ka soksi!"

Nabalayo alifunika gilasi kwa kiganja na kuingia ndani. Jioni alikula akiwa na mkoba mgongoni.

Kesho yake Mzee alipokwenda kununua kikombe chake cha kawaida, alimweleza Waringa masaibu ya mtoto. Waringa aliuliza haragwe lilitoka wapi.

"Si ni lako? Lilikuwa kwa friji."

Waringa aliweka upawa chini ili acheke vizuri. "Ai, Mzee! Umepanda githeri?"

Hapo Mzee angerudi nyumbani amwambie mtoto, yaishe. Lakini mtu aliyezoea kuitwa fundi hapendi kusema nilikosea, na Jumapili ya Nakhumicha ilikuwa inakuja. Alinunua dukani maharagwe makavu ya rangi ileile, akayalowesha, akayaficha na pamba ndani ya sanduku lake la vifaa. Alhamisi alfajiri alichukua lile lililoota vizuri kuliko yote, akalipandikiza kwenye gilasi ya Nabalayo kwa koleo ndogo, bila kutikisa mzizi. Ilikuwa kazi safi. Kumtupa Mdomo kulimshinda, hivyo akamweka ndani ya kifuniko cha chupa, sandukuni.

Nabalayo alipoamka aliitazama gilasi muda mrefu.

"Huyu si Mdomo."

"Ameota, mama," Mzee alisema. Alizoea kumwita mama, kwa sababu jina alilobeba mtoto huyo lilikuwa la mama mzazi wa Mzee. "Ukiota unabadilika sura."

"Hana mdomo."

"Ameufunga."

Mtoto alileta mchoro wake na kuuweka kando ya gilasi, akangoja. Mzee alivaa miwani. Mpasuko ulikuwa umechorwa mahali pake, urefu wake, hata ulivyopinda kidogo mwishoni. Kiwandani angemfokea fundi yeyote aliyebadilisha kipuri na kudai ni kilekile. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alileta sanduku. Alieleza yote, friji, Waringa, koleo. Alijua kwamba huenda anaifupisha likizo kwa mdomo wake mwenyewe, lakini alisema.

"Mbona hukuniambia, kuka?" Nabalayo aliuliza, akimwita babu kwa lugha ya kwao.

"Niliogopa utataka kurudi kwenu."

Nabalayo alimnusa Mdomo, akakunja uso. Kisha akauliza, "Kwani ukipikwa huoti?"

"Nadhani huoti."

"Hujui?"

Mzee alitaka kujibu kama fundi. Akajibu, "Sijui, mama."

Mtoto alifikiri, akaenda jikoni na kurudi na gilasi ya pili.

Jumamosi wazazi walikusanyika uani. Ilipofika zamu yake, Nabalayo aliweka gilasi mbili mkekani. Moja ilikuwa na mche uliosimama wima. Nyingine ilikuwa na Mdomo, na watu wakasogea nyuma kidogo.

"Huyu alipikwa. Hajaota," alisema. "Huyu ni wa kuka. Hakupikwa. Ameota." Akavuta pumzi. "Kuka aliguza."

Uani palilipuka. Aliyecheka kuliko wote ni Mativo, aliyekuwa amengoja miezi mitatu kumpata mwenzake. Fowsiya alimwamuru Mzee avue viatu aketi mkekani na watoto wengine, kwa kuwa naye alikuwa na haragwe la kuonyesha, na Mzee akaketi, magoti yakilalamika.

"Huyu wa kwanza alipikwa kwa muda gani?" Fowsiya aliuliza.

"Saa mbili na nusu!" Waringa alijibu kutoka langoni.

"Na kama angepikwa dakika moja tu?"

Mativo alisema angeota, Waringa akasema thubutu. Nabalayo alimgeukia babu yake, babu akainua mabega, na yule mtoto akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke Kitale.

Jioni simu ililia. Nakhumicha alikuwa ameshaweka nafasi kwenye basi la asubuhi. Mzee alimpa mtoto simu, akarudi jikoni haraka. Kulikuwa na sufuria inayotokota ya kuangaliwa, lakini zaidi hakutaka kuwa karibu.

"Mama, usikuje," alisikia. "Tunaweka maharagwe saba. Wa dakika moja, wa dakika mbili, wa dakika tano, mpaka saa nzima. Lazima tungoje waote. Na kama hawataota lazima tungoje tujue hawataota. Hapana, silii. Kuka, ongea na yeye!"

Mzee alishika simu kwa mkono mmoja, saa ya kiwandani kwa mwingine.

"Baba," Nakhumicha alisema, "umempa nini huyu mtoto?"

"Haragwe bovu," Mzee alijibu. "Ngoja kidogo, mwanangu, dakika yangu ya tano imefika."