Jina la Juu

Mimi na dada yangu tuligombana kwa ajili ya kibao cha duka. Tulikuwa tumeoka keki za harusi pamoja miaka sita, kisha siku ya kuandikisha kibao kipya likazuka swali: jina la nani litangulie juu? Yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye mkono wa mapambo. Kufikia jioni kila mtu alikuwa amebeba mabakuli yake, na miezi mitatu ikapita hatusemezani. Nilimkumbuka mno, ila ungeniuliza ningekuambia nimepumzika.

Mume wangu, anayeuza matangazo ya mtandaoni, akanifundisha kutangaza keki zangu huko. Unachagua neno kuu, yaani lile watu wanaloandika wakitafuta kitu; langu likawa "keki ya harusi". Kisha unaweka dau, yaani kiasi unachokubali kulipa. Tangazo kuonekana tu ni bure. Mtu akilibofya ndipo unakatwa, na mwenye dau kubwa mara nyingi ndiye anayekaa juu. Nikaweka dau, nikatafuta, nikajikuta wa pili. Wa kwanza alikuwa dada.

Nikapandisha. Kabla ya saa nne naye akawa amepandisha. Nikapandisha tena huku nachekecha unga, yeye tena, mpaka mbofyo uliokuwa bei ya yai moja ukafika bei ya trei nzima. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru hapa ni mwenye mtandao.

Ndipo shetani akaninong'oneza: kila mbofyo, anakatwa yeye. Nikabofya tangazo lake. Lo, raha niliyoisikia! Nikabofya kwenye foleni ya benki, nikabofya nikisukwa saluni, nacheka peke yangu kama mwehu. Ajabu, bajeti yangu ya siku nayo ilikuwa inakwisha kabla ya adhuhuri. Mume wangu akatazama ripoti: mibofyo sitini na mitatu, mteja hata mmoja hakuna. Akaniuliza kama dada yangu naye ana simu. Nilikasirika kweli. Mtu mzima, kufanya mambo kama hayo!

Siku hiyo nilibofya kwa hasira mpaka nikajikuta kwenye fomu yake ya kuagiza. Palipoulizwa maneno ya kuandikwa juu ya keki, nikaandika: "Wewe ndiye uliyeanza." Nilitaka kujiridhisha tu, kisha nifute. Lakini kidole kilikuwa kimeshazoea, kikabofya "Tuma". Jina na anwani, simu ilikuwa imeshavijaza yenyewe.

Siku mbili nzima niliuogopa mlango wangu mwenyewe. Jumamosi asubuhi ukagongwa. Dada aliingia na boksi, uso mkavu, akaliweka mezani, akalifungua. Juu ya krimu, kwa mwandiko wake: "Wewe ndiye uliyeanza." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Najua, mdogo wangu."

Machozi yakanitoka, na kicheko, sijui kipi kilitangulia. Dada akavuta kiti.

"Mibofyo mia moja na minne," akasema, "na mteja mmoja tu, naye ni wewe."

"Na ile sitini na mitatu yako je?"

"Yangu ni sitini. Mitatu ni ya mama. Anabofya matangazo yote mawili. Anasema huko pekee ndiko anakotuona tumekaa pamoja."

Nikaenda kuchukua kisu na sahani tatu, moja ya mama.