Mwali Nyuma ya Nguzo

Injinia Rhoda alikuwa amefunga kamera kulizunguka tanuru la gesi la Jilala, myeyushaji dhahabu wa machimbo ya Mwakitolyo. Kila kamera iliona upande wake wa moto, kisha kompyuta ikaziunganisha picha na kuchora mwali mzima, mbele na nyuma. Tatizo lilikuwa nguzo ya matofali iliyoshika paa la banda. Ilizikinga kamera za nyuma, hivyo upande ule kompyuta iliukisia tu kutokana na vipande vilivyochungulia pembeni.

Asubuhi ile Jilala aliinamia tanuru. Mkewe, Mbuke, mama yake Limi, alikuwa nyuma ya nguzo akichambua mawe, karibu na mtungi wa gesi.

Ghafla mwali kwenye kioo cha kompyuta ukaota ulimi. Ulitokea nyuma ya tanuru, ukatambaa chini kuelekea kwenye mtungi. Juzi kompyuta ilichora moto ambao haukuwepo, na Jilala akamcheka. Rhoda akaiagiza kompyuta ichore picha upya.

"Baba Limi, huko nyuma kuna moto?"

Jilala alinyoosha shingo. "Hakuna kitu, injinia. Moto uko hapa hapa."

Jua lilikuwa likipenya kwenye matundu ya bati, na moto wa gesi kwenye jua hauonekani vizuri. Picha mpya ikaja. Ulimi ulikuwa umerefuka.

"Mama Limi! Toka huko!"

Karasha la jirani lilikuwa likisaga mawe na kumeza kila sauti. Rhoda alikimbia, akaizunguka nguzo. Joto lilimpiga miguuni kabla hajaona chochote. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka na unawaka, na Mbuke alikuwa ameupa mgongo. Rhoda akamkamata kitenge, akamvuta.

"Baba Limi, kimbia!"

Mlipuko uliwaangusha wote watatu nje ya banda. Bati zikaruka. Nguzo ikalala juu ya kamera.

Mbuke aliushika mkono wake ulioungua, akimlilia mama yake, "Mayu! Mayu!" Jilala alipiga magoti kando yake, vumbi limemjaa usoni.

"Injinia, ulikuwa na hakika?"

"Sikuwa nayo, Baba Limi. Niliona, nikangoja nione tena."

Rhoda akatoa simu atafute gari la kumpeleka Mbuke hospitali.