Nyanya za Ng'ambo

Dirisha la Yavor Dochev lilitazama ng'ambo ya mto Danube, uliokuwa mpaka wa nchi mbili, na kwa miaka yote aliyoandika juu ya biashara ya mataifa alikuwa ameligeuzia kisogo. Alifundisha kwamba bidhaa ni kama mgeni mvivu: hupenda kwenda karibu. Lakini mji wake mwenyewe ulikuwa ukimwaibisha. Daraja lilikuwepo, ushuru ulishafutwa, na bado kingo mbili za mto ziliuziana kidogo, kana kwamba bahari nzima ilizitenga. Kwa nini? Jarida la Rotterdam lilidai jibu kabla ya Ijumaa. Bila jibu makala isingetoka, na bila makala uprofesa ungemwendea mwingine.

"Smaranda, mchumi mwenzako wa ng'ambo, amekutumia utafiti wake," Bi Nedyalkova, mkuu wa kitivo, alimwambia kwenye simu. "Amewahoji wanunuzi wa pande zote mbili. Andikeni pamoja, yaishe."

"Wale walaji sima wa ng'ambo, wasiojua hata mkate, Bi Mkuu? Tangu lini wakajua uchumi?"

"Umeusoma?"

"Sihitaji kuusoma."

"Haya. Kiburi nacho kikupe cheo." Simu ikakatika.

Yavor alicheka peke yake. Katika makala zake aliwanukuu watu wa Chicago na Tokyo, ambao wasingejua mji wake uko ukingo upi. Wa upande wa pili wa daraja, hakuwahi kumnukuu hata mmoja.

Jikoni, mama yake, Stanka, alikuwa akimenya pilipili hoho za kuchoma. Yavor alimdharau kwa upole, kama mtu anavyoidharau saa ya ukutani iliyokwama. Mezani palikuwa na mfuko wa nyanya, nyekundu, zimejaa.

"Za nani hizi, mama?"

"Za jirani, Pavlina. Kazitoa ng'ambo, hana haya. Kazitupe."

"Zina ubaya gani?"

"Nyanya iliyolelewa na walaji sima, mwanangu? Si maji matupu hayo!"

"Umezionja?"

"Sihitaji kuzionja."

Yavor alifungua kinywa amcheke, kama kawaida yake, na kicheko hakikuja. Alimtazama yule mama, kidevu juu, midomo imebanwa. Alikijua kidevu kile. Kila asubuhi alikinyoa.

Akatwaa nyanya moja, akaiuma palepale juu ya sinki. Maji yake yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Enhe?" mama akauliza. "Si nilikwambia?"

Yavor aliimaliza yote hadi kikonyo.

"Haina chumvi," alisema, akachukua ya pili.

Alikwenda nayo hadi kwenye kompyuta iliyokuwa mwisho wa meza, na kwa kidole kilicholowa akaufungua utafiti wa Smaranda. Mama akamsogezea kikopo cha chumvi. Yavor hakukigusa.