Ngozi na Ubani

Zubeda alidondosha mafuta ya manemane kwenye kichupa, akakitikisa polepole, kisha akachovya kijiti chenye pamba na kukipeleka puani. Alifumba macho. Ngozi ilikuwamo, ubani ulikuwamo, na utamu mzito wa utomvu ulifuata nyuma kama mgeni anayeona haya kuingia. Yalikuwa marashi mazuri. Mteja yeyote wa Mbweni angeyachukua bila kuuliza mara mbili. Lakini hayakuwa Mwinjuma, marehemu mumewe.

"Na hiyo je?" aliuliza wifi yake, Hamisa, aliyekuwa akikunja doti mpya ya kanga kitandani.

"Hii ni sofa ya ngozi ya dukani."

Hamisa alicheka, halafu akajizuia. Kesho eda ingeisha. Wanawake wa ukoo wangekuja hapo Temeke kumwogesha mjane na kumtia manukato kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wote walitarajia asumini na waridi. Zubeda, ambaye mtaa mzima ulinukia kwa mikono yake, alikuwa amesema atatoka na harufu ya mumewe au hatajipaka kitu.

"Si ungenusa mashati yake, wifi, upate pa kuanzia?"

Zubeda aliweka kijiti chini.

"Nilizifua nguo zake zote. Matanga hata hayajaanuliwa. Kwa sabuni na ndimu."

Mikono ilifanya ilichozoea. Mwinjuma alikuwa akitia chumvi ngozi mbichi kule Vingunguti, machinjioni, tangu ujana wake, na kila jioni alipokewa mlangoni kwa ndoo ya maji na maneno. "Vua huko huko! Ng'ombe wote umekuja nao?" Naye hujibu, "Hao ndio wanaokulisha, mama." Nguo zikifuliwa na kukauka, zilitandazwa juu ya tenga lililopinduliwa, chetezo chini yake, ubani ukafuka mpaka Zubeda aridhike. Maisha yao yote aliipiga vita ngozi ile. Sasa alikuwa akiitafuta kwa kijiti cha pamba, na mabega yamemlegea kama ya mtu aliyetwanga tangu alfajiri.

Hodi ilipigwa. Alikuwa Nurdin, aliyefanya kazi meza moja na marehemu. Hamisa alivuta pazia. Mjane akabaki ndani.

"Shemeji, nimeleta ulichoagiza," Nurdin alisema kutoka barazani. "Ilikuwa bado kwenye msumari wake. Hakuna aliyethubutu kuivaa."

"Ahsante, Nurdin. Inanuka?"

"Mie utaniulizaje, shemeji? Pua yangu ilistaafu zamani."

Hamisa alirudi ameishika aproni nzito ya ngozi kwa ncha za vidole. "Yarabi! Na hii ndiyo uliyoolewa nayo?"

Zubeda aliipokea kwa mikono miwili, akazamisha uso ndani yake. Chumvi, shahamu, damu kuukuu. Ukali wake ulimtoa machozi.

"Si yeye," alisema. "Haya ni machinjio. Mwinjuma hakulala akinuka hivi."

Aliketi, aproni mapajani. Macho yake yalipita kwenye vichupa, yakaenda hadi pembeni, kwenye tenga lililofanya utando wa buibui tangu msiba. Akainuka kwa kujishika kiuno, akawasha makaa.

"Wifi, eda hiyo!"

"Simfukizi mtu. Nafukiza aproni."

Moshi ulipanda taratibu, ukaingia kwenye mikunjo. Uvundo ulishikilia kwa muda mrefu, kisha ukaanza kuinamisha kichwa. Kitu fulani kilipita puani mwa Zubeda, kikapotea kabla hajakishika.

"Hebu nusa."

Hamisa aliinama shingo upande. Hakuinuka haraka.

"Idi," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka alivyokuwa akija kunikumbatia, siku ya Idi." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Basi tia kwenye chupa, wifi."

"Bado mbichi. Ilale hapo hapo mpaka kesho."

"Kesho watu watakuwa wameshafika."

"Watanikuta."

Aliongeza punje ya ubani, akafunika makaa kwa majivu, akavifunga vichupa kimoja kimoja. Halafu, bila kufikiri, akatazama mlangoni kama ndoo ina maji. Ilikuwa tupu. Akaenda kuijaza.